Mbwa wa jirani wanajisaidia getini kwangu kila alfajiri, namwambiaje mzee wa watu?

mamaNasri

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri maana nimefika mahali asubuhi sina hata hamu ya kufungua geti. Naishi Salasala, nyumba ya kupanga, mtaa wetu ni zile barabara za vumbi nyumba zinatazamana. Jirani wa mbele ni mzee mstaafu, ana mbwa watatu wakubwa wa ulinzi, mchana kutwa wako bandani wala huwasikii, shida ni alfajiri. Ikifika kama saa 11 hivi geti lao linafunguliwa, mbwa wanatoka wanazurura mtaani weee, wakirudi geti linafungwa, kimya. Na choo chao sasa kimekuwa mbele ya geti langu, maana nimepanda kipande cha ukoka pale na pembeni kuna mchanga laini aliouacha fundi.

Mtoto anatoka saa 12 kusubiri basi la shule, bado kiza, anakanyaga. Viatu vinarudi ndani vinasuguliwa na mswaki wa zamani huku basi linapiga honi nje na dada anamkaripia mtoto ambaye hana kosa lolote. Wikiendi akivaa kanzu kwenda madrasa hapo ndio balaa kabisa. Mume wangu akienda msikitini alfajiri anatoka na tochi anamulika chini hatua kwa hatua kama mtu aliyedondosha hela.

Kinachonishinda ni mzee mwenyewe. Ni mtu wa heshima zake, namwamkia kila siku, na mkewe nilipojifungua huyu wa mwisho ndio alikuwa ananiletea uji wa pilipili manga. Sasa naanzaje, "baba shikamoo, mbwa wako wamekunya kwangu"? Na nikienda kwa mjumbe moja kwa moja itaonekana nimemshtaki mzee wa watu.

Kwa hiyo nauliza, kuna sheria yoyote au ni uungwana tu? Nianzie kwa nani? Na lile la tatu msinicheke, mnazolea nini? Rambo za plastiki ndio hizo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, natumia gazeti na gazeti likilowa linapasuka mkononi.

Kobe wa Goba

Pole sana mama Nasri lakini nimecheka hapo kwenye tochi 😂 Dawa ni moja tu, mrudishie mzigo wake. Zoa kila asubuhi weka mbele ya geti lake, tena katikati pale gari inapopita. Siku mbili tu utaona mbwa wamejifunza adabu.

mamaNasri

@Kobe wa Goba nimrudishie mtu aliyeniletea uji? Nihame mtaa basi kabisa.

Pweza_79

Mbwa ndo walivyo jamani, mlitaka waende wapi, wavae pampasi? Ila kama wanakusumbua sana kuna ile dawa ya panya, unaweka kwenye kipande cha nyama usiku, biashara imeisha. Na usalama pia, mbwa wa kuzurura ndo hao wenye kichaa, mtoto akikanyaga hicho kinyesi chenye kichaa utajuta.

Chalii wa Njiro

Pweza acha hizo bana.

Dada mimi nikwambie kitu ambacho hao wenye majumba hawatakwambia. Nimewahi kulinda majumbani huku Arusha kabla sijapata hii kazi ya sasa. Ile saa 11 unayoisema, mzee yupo kitandani. Anayefungua geti ni mlinzi. Na anafungua kwa sababu moja tu, kusafisha banda na ua ni kazi yake yeye, na yeye keshakesha usiku mzima anataka kukabidhi lindo akalale. Mbwa wakimaliza haja zao nje, ua unabaki msafi, bosi akiamka anakuta kila kitu shwari anasema huyu kijana anafanya kazi. Mzee wako inawezekana kabisa hajui kama mbwa wake wanatoka. Muulize siku moja kwa utani tu, utaona atashangaa.

Kwa hiyo usianze na mzee, anza na mlinzi. Na usiende na mdomo, toka siku moja hiyo hiyo saa 11, na kikombe cha chai na andazi, msalimie, kaa naye dakika tano. Mwambie mdogo wangu hapa ndio mtoto anapitia. Muulize ana kitendea kazi gani cha kuzolea, nakuhakikishia hana. Mimi nilipewa rungu, koti la mvua na filimbi, beleshi la kuzolea uchafu wa mbwa hamna, nikawa nasukuma na tawi la mti. Mtu hana beleshi, hana pa kutupa, unategemea afanye nini? Anafungua geti.

mamaNasri

Eeh hili sikuliwaza kabisa. Mlinzi mwenyewe kijana mpole tu, nikipita ananipokea hata mizigo.

Dkt_Ng'ombe na Wenzake

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Dar, naomba niweke mambo sawa maana naona vitu vinachanganywa.

Pweza, achana na sumu. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa, lakini hata ukiweka sheria pembeni sumu haichagui, atakula paka wa mtu, kuku watadonoa, mtoto ataokota. Na kama hofu ni kichaa cha mbwa, kuua mbwa hakumalizi kichaa, nafasi ya waliokufa inajazwa na wengine ambao hawajachanjwa na unaanza upya. Kinachomaliza ni chanjo, mbwa 70 kati ya 100 wa eneo wakiwa wamechanjwa ugonjwa unakosa pa kupita. Halafu kichaa hakiambukizi kwa kinyesi. Kinapita kwenye mate, aking'ata au akilamba kidonda. Ila hapo hapo kuna jambo, mbwa wa ulinzi anayeachiwa alfajiri bila mtu ndiye anayekutana na koko huko mtaani akang'atwa na mwenyewe asijue. Mtu aking'atwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kumchunguza mbwa ndio mtu aanze sindano.

Kwenye kinyesi tatizo ni minyoo. Mbwa wana mnyoo wao wa mviringo unaitwa Toxocara, watoto wa mbwa wanazaliwa nao tayari, wanaupata tumboni mwa mama. Mayai yanatoka na kinyesi, na hapa sikilizeni vizuri kwa sababu ndipo penye nafuu yetu, yakitoka leo hayaambukizi leo. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi yakomae kwenye udongo. Ukizoa asubuhi ile ile umemaliza habari. Ukiacha kinyesi kikauke, kikavunjika, mvua ikakisambaza, mnafikiri kimeisha kumbe mayai yamebaki kwenye mchanga na yanaweza kukaa humo miaka, mtoto anacheza, anatia mkono mdomoni. Wengi hawaoni dalili yoyote, ila kwa wachache kiluwiluwi cha mnyoo kinasafiri mwilini mpaka kwenye ini, mapafu, na kikiingia jichoni kinaweza kuharibu uoni.

Kuna na safura ya mbwa, mnyoo mwingine huyo. Hiyo haingoji mdomo, viluwiluwi vinapenya ngozi ya mguu. Wale mnaokwenda ufukweni mnarudi na mstari mwekundu unaojipindapinda chini ya ngozi na unawasha usiku hamlali, mnapaka mafuta ya taa na vitunguu saumu, ndio huyo. Anapenda mchanga wenye unyevu na kivuli, chini ya miti pale ambapo watu wanatandika khanga. Nenda hospitali utapewa dawa ya kumeza, acheni kuchoma ngozi na vitu vya ajabu.

Ya tatu inawahusu zaidi ndugu zetu wafugaji. Kuna tegu mdogo sana wa mbwa, Echinococcus, mayai yake mtu akiyameza yanaota mfuko wa maji kwenye ini au mapafu, unakua polepole miaka na miaka mpaka afunguliwe tumbo. Turkana kule Kenya ni moja ya sehemu zilizoumizwa sana na ugonjwa huu duniani, shirika la afya la AMREF walianza mradi wa kupambana nao huko mwaka 1983. Mbwa anaupata kwa kula viungo vibichi vya mbuzi, kondoo au ng'ombe vyenye ile mifuko. Kwa hiyo nyie wa mjini mnaonunua makombo ya machinjioni kwa ajili ya mbwa, chemsheni.

Mfugaji anayejitambua anafanya hivi: watoto wa mbwa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, rudia kila wiki mbili mpaka waache kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi 6, baada ya hapo kila miezi 3 maisha yake yote. Chanjo ya kichaa akifika miezi 3, halafu kila mwaka. Kadi iwepo. Mbwa mwenye kadi na asiye na kadi kinyesi chao kinanuka sawa, lakini madhara si sawa hata kidogo.

Pweza_79

Doc nimekupata. Ila mafuta ya taa mbona mie yalinisaidia?

Dkt_Ng'ombe na Wenzake

Yule mnyoo kwa binadamu hafiki mbali, anazunguka ngozini wiki kadhaa anakufa mwenyewe. Mafuta ya taa yalimkuta keshachoka.

AbuSalma

Assalam alaykum. Niongeze la upande wetu maana mama Nasri kagusia kanzu na msikiti. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku pwani ndio tunafuata, mbwa ni najisi nzito, mate yake na kinyesi chake kikigusa nguo au mwili kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa fikiria mtu anatoka na udhu wake kiza cha alfajiri anakanyaga. Swala ya jamaa imempita pale pale. Jirani asiye Muislamu anaweza kuona tunakuza mambo, wala halaumiwi kwa kutojua, aelezwe tu, wengi wakielezwa wanaelewa haraka kuliko ukiwaambia habari za minyoo.

Lakini nanyi ndugu zangu msiitumie dini kuwarushia mbwa mawe. Mbwa wa ulinzi wa shamba na mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa, na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu wote tumesomeshwa chuoni.

Mfugaji_Mbezi

Haya na mimi niseme kwa niaba ya wenye mbwa kabla hamjatumaliza. Nina wawili, natoka nao jioni kwa kamba, nina mfuko wa karatasi mfukoni na kipande cha boksi. Mbwa akimaliza nainama nazoa. Mnajua napata nini? Vijana wa bodaboda wananizomea, "oya mzungu mweusi, unaokota hazina?" Mama mmoja alinifuata akaniambia mwanangu, mbona unajidhalilisha, si ufukie tu kwa mguu. Halafu ukishazoa utupe wapi? Kutoka kwangu mpaka baharini hakuna pipa hata moja, narudi nacho nyumbani kilomita nzima mkono mmoja kamba mkono mmoja mzigo. Kwa hiyo tukisema wenye mbwa wawajibike sawa, tena sana, lakini mtu anayewajibika anachekwa na anayefungua geti alfajiri hakuna anayemwona.

Na lingine, mbwa asiyetembezwa akifungwa bandani siku nzima ndio huyo akiona geti wazi anatoka kama risasi. Tatizo la mzee wa mama Nasri linaanzia mchana, sio alfajiri.

wa_Kilimani

Sisi hapa Nairobi ni yale yale tu, tofauti ni kwamba sheria iko. Kaunti ilipitisha sheria ya udhibiti na ustawi wa mbwa 2015, mambo ya leseni na kumdhibiti mbwa akiwa nje, lakini ukiuliza watu kumi kwa ploti yetu pengine mmoja ndiye amewahi kuisikia. Mahali naona inafanya kazi ni msitu wa Karura. Ukiingia na mbwa lazima awe kwa kamba, na ukiacha uchafu wake njiani watembeaji wengine wenyewe watakuita, "boss, umesahau kitu." Hakuna askari anakufuata, ni ile aibu ya kuitwa mbele ya watu. Huku mtaani hiyo aibu haipo kwa sababu anayetembeza mbwa si mwenye mbwa, ni kijana ameajiriwa, amepewa mbwa wanne kwa mkono mmoja na hajapewa hata karatasi. Kwa hivyo yule Chalii wa Arusha ameongea ukweli mtupu.

Mambo ya mifuko, sisi ilipigwa marufuku Agosti 2017 na watu walilia vile vile. Mimi naweka kando paketi za unga, zile za karatasi za kilo mbili, ni ngumu hazilowi haraka, unaingiza mkono ndani kama glavu, unashika, unaigeuza. Mkate nao una mfuko wake, usiutupe.

Kwa flati ni vita nyingine, kuna jamaa wa juu mbwa wake anakojoa kwa balkoni inateremkia nguo za watu kwa kamba. Hiyo sina dawa, keateka mwenyewe amenyoosha mikono.

Fundi Mabati

Mama Nasri achana na gazeti. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, lile lenye mkono. Lilaze, kata kwa mshazari kuanzia chini ya mkono kushuka mpaka kona ya kitako, mkono ubaki mzima. Hapo umepata koleo, mdomo wake mwembamba unapita chini ya mzigo bila kuusambaza. Kipande ulichokata usitupe, ndicho cha kusukumia. Kama ukoka mrefu mwagia kwanza mchanga kidogo au majivu juu yake, unashikana, unatoka wote. Gharama sifuri. Ukimaliza suuza kwa maji na sabuni, tundika nje juani, usiingize jikoni wala usichotee maji, andika hata X kubwa na makapeni ili dada asije akalitumia.

mamaNasri

@Fundi Mabati ubarikiwe, dumu ninalo hapa nje lilikuwa la kumwagilia maua. Sasa nikishazoa nitupe wapi? Gari la taka linapita mara moja kwa wiki na likipita linachagua.

Dkt_Ng'ombe na Wenzake

Kama kuna choo cha shimo tumbukiza humo, ndio mahali pake hasa. Choo cha kuflashi pia sawa ila kinyesi peke yake bila karatasi ngumu wala mfuko. Kama hamna, chimba shimo kwenye kona ya ua, mbali na kisima na mbali na mchicha, kila ukitumbukiza funika na udongo au majivu. Msiweke kwenye bustani ya mboga mkidhani ni mbolea kama ya ng'ombe. Ng'ombe anakula majani, mbwa anakula nyama na ana minyoo inayotupata sisi. Na msifagilie kwenye mtaro jamani, huo mtaro ukinyesha unaenda mtoni na baharini, halafu Jumapili mnapeleka watoto kuogelea.

Kobe wa Goba

Kuna watu nawaona wanalaza chupa za maji mbele ya geti, wanasema mbwa akijiona kwenye chupa anakimbia. Wengine wanamwaga oili chafu, pilipili. Vipi hizo doc?

Dkt_Ng'ombe na Wenzake

Chupa mbwa anaziruka, nimeshamwona mmoja anazikojolea. Oili chafu usithubutu, inaua ukoka na inaingia kwenye maji ya kisima chako mwenyewe. Pilipili mvua ikipita imeisha, na mtoto atashika apikiche macho. Kinachozuia mbwa kurudi ni harufu ya jana isiwepo. Yeye anarudi pale pale kwa sababu pananuka choo. Zoa, mwagia maji ya sabuni mengi, na kama unaweza ule mchanga wa fundi uondoe kabisa, mchanga laini kwa mbwa ni mwaliko.

Na mzee akikubali kushirikiana, mwambieni mlinzi atengeneze choo cha mbwa ndani kwao. Kona moja ya ua, achanganye mchanga, aweke hapo kipande cha kinyesi chao chenyewe siku ya kwanza wapate harufu. Chakula kiwe saa maalumu, sio kuacha sufuria wazi siku nzima. Mbwa wengi wanataka haja wakiamka na muda mfupi baada ya kula, kwa hiyo akishamaliza kula mpeleke kwenye ile kona kwa kamba, simama, subiri, akifanya mpe kipande cha dagaa na umsifu pale pale. Wiki chache mbwa mkubwa anazoea, mdogo hata mapema zaidi. Usimpige akikosea na usimsugulie pua kwenye uchafu, anajifunza kujificha tu, ndio mnakuta nyuma ya tenki.

Mtumba wa Berlin

Salamu kutoka Ujerumani wakuu. Niwape picha ya huku msije mkafikiri sheria peke yake inatosha. Berlin ukiwa na mbwa unalipa kodi ya mbwa, euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, mbwa wa pili analipiwa zaidi, kila mbwa anavaa kibati chenye namba shingoni. Faini ya kuacha uchafu ipo. Na bado kuna mitaa hapa ukitembea unaangalia chini kama mume wa mama Nasri tu. Unajua wanasemaje? "Mimi nalipa kodi, manispaa isafishe." Wakati ile kodi inaingia kwenye mfuko mkuu kama kodi nyingine, haijawekwa kwa ajili ya kuzoa.

Paris walikwenda mbali zaidi, miaka ya 1980 walileta pikipiki maalumu zinazofyonza kinyesi barabarani, dereva amevaa yunifomu, watu wakawa wanawacheka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaziacha, gharama kubwa na uchafu ulibaki mwingi vile vile, wakahamia kuwabana wenye mbwa kwa faini. New York sheria ya kila mtu azoe cha mbwa wake ilianza 1978, meya alikuwa Ed Koch, na kule ilishika kwa sababu majirani wenyewe walianza kukemeana. Siku hizi kuna miji Italia kama Bolzano wameweka mbwa kwenye rejista ya vinasaba ili kinyesi kikipimwa ijulikane cha nani. Hayo ni ya wenye hela. Nyie mnajua tayari ni cha nani, mnamwona mlangoni.

Chalii wa Njiro

"Mnamwona mlangoni" 😂😂 Vinasaba vya nini sasa.

Mtendaji Mstaafu

Nijibu lile la sheria maana wengi wameliruka. Nimefanya kazi ya utendaji miaka mingi. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu ile Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ya 1982, na nyingi zina sheria ndogo za usafi na za wanyama mjini, zinatofautiana manispaa na manispaa, kwa hiyo nenda ofisi ya kata uombe kuonyeshwa ya kwenu. Pia Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inazungumzia kero zinazohatarisha afya, na afisa afya wa kata anaweza kufika akakagua na kutoa ilani. Njia ni mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, afisa afya.

Ila mwanangu, usimshtaki mzee peke yake. Mwombe mwenyekiti kwenye kikao cha mtaa aweke ajenda ya usafi na mbwa wa mtaa mzima. Hapo hutajwi wewe, hatajwi yeye, linazungumzwa jambo. Mzee mwenyewe anaweza kusimama akachangia akiwa upande wako. Nimeliona hilo mara nyingi, mtu mzima akishirikishwa anakuwa mlinzi wa lile azimio, akishtakiwa anakuwa adui. Na muambatane na mumeo, au mtume mumeo akaongee na mzee wakitoka msikitini au dukani, wanaume wakikaa kwenye benchi mambo kama haya yanaisha kabla chai haijapoa.

mamaNasri

Nimerudi na mrejesho wakuu, samahani kwa ukimya.

Nilianza na mlinzi kama alivyosema Chalii. Nilimpelekea chai na mihogo, akanywa, nikamwonyesha pale. Akaona aibu yule kijana mpaka nikamwonea huruma. Ni kweli hana beleshi, alikuwa anatumia fagio la chelewa, na aliambiwa asichimbe ua kwa sababu ya paving za mzee. Akaniomba nisimwambie mzee kwamba ni yeye anafungua. Nikamwambia sitasema neno, ila nikamtengenezea dumu la Fundi Mabati kama langu.

Mume wangu akakaa na mzee. Mzee hakujua! Kweli kabisa alishangaa, akasema mimi najua mbwa wangu wanatoka bandani, sikujua wanatoka geti. Mume hakumtaja mlinzi, akasema tu "inawezekana geti halifungi vizuri". Mzee akacheka akasema geti langu halijawahi kushindwa kufunga, nimeelewa. Kesho yake kaleta mchanga toroli mbili nyuma ya banda, na beleshi jipya. Mama mwenyewe kaja kuniuliza kama mtoto alipata kuumwa, nikamwambia hapana ila kumeza dawa ya minyoo wamemeza wote nyumbani.

Mbwa sasa hivi wanatoka jioni, kwa kamba, na mlinzi anawashika. Asubuhi zingine bado nakuta kitu lakini sio vyao, ni vya mbwa wa nyumba ya kona.

Kobe wa Goba

Hongera mama. Na huyo wa kona mmemfanyaje? Au ndo nimlete yule wangu wa kurudisha mzigo?

mamaNasri

Huyo ndio tulimkuta kwenye kikao. Mwenyekiti aliweka ajenda ile ya mbwa, yule baba kasimama kasema wale mbwa sio wake, wanakuja tu kula halafu wanaondoka. Mzee wangu, yeye mwenyewe huyu mstaafu, kamuuliza sasa mbona jioni unawaita Simba na Tyson na wanakuja? Kikao kizima kimecheka. Baba wa watu kakaa chini.

Dkt_Ng'ombe na Wenzake

Kama anawalisha na wanaitika, mwandikeni yeye. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi siku za karibu na hapo zinachanja kwa bei ndogo au bure, ulizeni kwa afisa mifugo wa kata mapema. Simba na Tyson wapelekwe, na aulizie kuhasi hapo hapo maana mwakani watakuwa kumi.

mamaNasri

Kashaandikwa kwenye daftari la mwenyekiti na namba ya simu. Kasema atawaleta akipata kamba. Mzee kasema kamba anayo ya ziada, atampa.